Ukitaka Kuwa Wakili wa Michezo, Anza na Kalenda ya Ukutani

Kabla ya kununua joho, nunua kalenda. Ile ya ukutani, yenye tarakimu kubwa, ambayo maduka ya vifaa vya ujenzi huwagawia wateja kila Januari. Itundike mbele ya meza yako, usiipe kisogo. Kalamu nyekundu ifungwe kwa uzi pembeni yake, maana kalamu ya ofisini haikai mahali pamoja.

Sasa subiri. Uamuzi wa FIFA mara nyingi huja mkavu: umeshinda au umeshindwa, bila maelezo ya sababu. Zungushia duara siku ya 10. Kabla haijapita uwe umeomba sababu kwa maandishi, la sivyo uamuzi umekuwa wa mwisho. Sababu zikija, anza kuhesabu upya, uzungushie siku ya 21. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka rufaa Lausanne, Uswisi, kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ambayo sote tunaiita CAS. Baada ya hapo una siku 10 za kuwasilisha hoja zako zote na ushahidi. Ukifika siku ya 22 bila rufaa, hata haki yako ingekuwa nyeupe kama pamba, hakuna wa kuisoma.

Natilia mkazo kalenda kwa sababu nimeona kinachotokea isipokuwepo. Alinijia kijana aliyecheza soka nje ya nchi, anaidai klabu yake mishahara ya miezi mingi. Akanionyesha simu. Uamuzi ulishatoka, amepewa sehemu ndogo tu ya alichodai, na barua pepe ilikaa kwa wakala wake wiki sita kabla ya kumfikia yeye. "Kaka, si tukate rufaa tu?" aliniuliza. Nilihesabu mara mbili mbele yake, kwa vidole, nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Alimaliza kikombe chake chote cha chai kabla ya kusema neno.

Ukishaipata kalenda, jifunze njia. Kila anayeonewa na klabu hapa kwetu hutamka "nitawapeleka FIFA", lakini Mtanzania mwenye mgogoro na klabu ya Tanzania haendi huko. Shauri lake ni la nyumbani, linaanzia kwenye kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji. Mghana au Mkongo anayecheza Dar es Salaam ndiye mwenye mlango wa FIFA, kwa kuwa mgogoro wake umevuka mpaka. Jirani zetu wa Kenya wana chombo chao cha kuamua migogoro ya michezo, kilichoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013, na mwanafunzi wa sheria akienda kukaa nyuma kwenye benchi asikilize, atarudi na mengi.

Kisha mfundishe mchezaji kuandika barua. Mishahara ya miezi 2 isipolipwa kwa wakati wake, kanuni za FIFA zinamtaka aiandikie klabu, aipe angalau siku 15 kulipa deni lote. Wasipolipa, ana sababu halali ya kuvunja mkataba, na fidia anaweza kuidai. Barua kwanza, begi baadaye. Vijana wetu hufanya kinyume: hukasirika, hupanda basi usiku, huzima simu, na wiki moja baadaye aliyekuwa anadai amegeuka mdaiwa kwa kutoroka kambini. Nina barua fupi ya mistari sita ambayo humgawia kila mchezaji ninayemfundisha. Jina, klabu, miezi, kiasi, siku 15, sahihi. Aliyeishia darasa la saba anaweza kuijaza, na nimeona ikifanya kazi kuliko kurasa thelathini zilizoandikwa na wakili baada ya mambo kuharibika.

Ukishinda, tuma namba ya akaunti. Klabu hupewa siku 45 za kulipa, na siku hizo huanza kuhesabiwa pale unapoipelekea taarifa za benki. Zikipita bila malipo, klabu hufungiwa kusajili, na kifungo hicho kinaweza kufika madirisha 3 mfululizo. Nimekutana na mshindi aliyekaa miezi akisubiri pesa huku fomu ya benki iko mezani kwake chini ya magazeti.

Kwa somo la subira, chukua shauri la Bernard Morrison. Agosti 2020 Yanga na Simba walimgombania winga huyo wa Ghana, kamati ya TFF ikaona mkataba ambao Yanga waliutegemea una mapungufu, naye akaenda Simba. Yanga wakakata rufaa CAS. Uamuzi ulitoka Novemba 2021, rufaa ikatupwa. Mwaka 2022 Morrison akarudi Yanga kwa miguu yake mwenyewe. Waulize wanafunzi wako nani alipata nini katika miezi ile kumi na mitano, na uwaache wabishane hadi kengele igonge. Halafu uwafundishe kitu kidogo ambacho kingeweza kuzuia nusu ya mashauri ya aina hii: kila ukurasa wa mkataba usainiwe na pande zote mbili, na mchezaji asitoke chumbani bila nakala yake mkononi. Si picha ya nakala. Nakala.

Waambie pia gharama, usiwafiche. Kufungua rufaa CAS tu ni franki 1,000 za Uswisi ambazo hazirudi. Kwenye migogoro ya mikataba kuna pia malipo ya wasuluhishi yanayotakiwa mapema, na upande wa pili ukikataa kutoa fungu lake, wewe unatakiwa kulibeba, vinginevyo rufaa inahesabiwa kuwa umeiondoa. CAS ina mfuko wa msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo. Uombe mapema, ukiwa na uthibitisho wa kipato, na usione haya kwa niaba ya mteja wako.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko rufaa zote: daftari la usajili la timu ya mtaani.

Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Haya ndiyo malipo ya mshikamano. Kila mwaka aliolelewa kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 ni asilimia 0.5. Weka hesabu ubaoni. Ada ikiwa euro milioni 1, timu iliyokaa naye mwaka mmoja akiwa na miaka 13 inapata euro 2,500. Iliyokaa naye akiwa na miaka 17 inapata 5,000. Kwa timu inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa shule, hiyo ni mipira, viatu, nauli za msimu na bado chenji inabaki. Na hulipwa tena kila anapouzwa hivyo.

Mfuate Mbwana Samatta kwenye ramani uone njia ya fedha hizo: African Lyon, Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji Januari 2016, Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Kila mpaka aliouvuka kwa ada uliwagusa waliomlea. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, kinachojenga pasipoti ya mchezaji kutokana na kumbukumbu za usajili za mashirikisho. Kumbukumbu isipokuwepo, mwaka ule haumo kwenye pasipoti, na mwalimu aliyemfundisha mtoto kupiga mpira kwa mguu wa kushoto hahesabiwi.

Kwa hiyo usifundishe mawakili peke yao. Waite makatibu wa timu, wale wanaobeba kadi za wachezaji kwenye mfuko wa plastiki. Nilipoandaa darasa la namna hiyo, alikuja mama mmoja mtu mzima, katibu wa timu ya vijana. "Shikamoo mama," nikamsalimu. "Marahaba baba. Nimekuja na vyangu." Akafungua sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na fomu za usajili za miaka kumi na moja, zimepangwa kwa mwaka, kila moja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, zimefungwa kwa utepe wa kitenge. Nimeona kabati za mafaili za klabu kubwa. Sijaona zilizopangwa vizuri kama sanduku lile, na darasa la siku hiyo alilifundisha yeye.

Kuna jambo moja la kuwaambia wanafunzi waziwazi: Lausanne nako watu hukosea, na wakili ana haki ya kusonga mbele. Caster Semenya wa Afrika Kusini alishindwa CAS mwaka 2019, kwa uamuzi uliokiri kwamba kanuni za homoni za riadha ni za kibaguzi lakini ukazihalalisha. Mahakama ya juu ya Uswisi nayo ikamkatalia. Tarehe 10 Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema Uswisi ilikiuka haki yake ya kusikilizwa kwa haki, kwa sababu mahakama yake ya juu haikuupitia uamuzi wa CAS kwa uzito uliostahili. Hakurudishiwa mashindano yaliyompita. Lakini kila wakili wa mwanamichezo sasa ana ukurasa wa kuushika mkononi.

Upande wa dawa za kusisimua misuli, weka vitabu chini, uandae somo la mikono kwa wanariadha wenyewe. Nunua juisi ya tufaha na chupa mbili zenye vifuniko, A na B. Mwanafunzi achague mwenyewe kifaa kati ya kadhaa, akague lakiri, amimine juisi hiyo isiyopungua mililita 90, asome namba za chupa kwa sauti, alinganishe na fomu. Watacheka, na wacheke. Siku ya kweli afisa atasimama akimtazama akikojoa, na binti wa miaka kumi na tisa kutoka Iten nchini Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hapaswi kujifunza hayo kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni, katika lugha ambayo hajaizoea. Mwonyeshe mahali pa kuandika malalamiko kwenye fomu. Mwambie kwamba kukataa kupimwa kunaweza kumgharimu kama kukutwa na dawa.

Mfundishe saa yake moja. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya upimaji hutaja kila siku dakika 60 ambazo lazima apatikane mahali alipotaja. Makosa matatu ndani ya miezi 12 ni kosa kamili, bila tone la dawa mwilini. Wilson Kipsang aliwahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, 2:03:23, Berlin mwaka 2013. Mwaka 2020 alifungiwa miaka 4 kwa kukosa vipimo na kwa kujaribu kuwahadaa wapelelezi: alitoa picha ya lori lililopinduka kueleza kwa nini alikosa kipimo Mei 2019, ikabainika ajali ile ilitokea Agosti. Wakili angekuwa karibu siku ya kosa la kwanza, angemwambia aseme ukweli na aweke kengele kwenye simu.

Na mfundishe kwamba mwili ni wake na kilichomo humo kinahesabiwa chake, hata asipojua kimeingiaje. Ruth Chepngetich, aliyekimbia marathoni ya Chicago 2024 kwa 2:09:56, alikutwa na hidroklorothiazidi, dawa inayopatikana kwenye vidonge vya shinikizo la damu. Alieleza kwamba aliumwa akameza dawa ya mtumishi wake wa nyumbani. Oktoba 2025 alifungiwa miaka 3. Tramadoli, ambayo wengi wetu tumewahi kuandikiwa kwa maumivu, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 2024. Mwenye ugonjwa wa kweli ana njia ya kuomba kibali cha tiba, na kazi yako ni kumsaidia kukiomba kabla ya kumeza, akiwa na barua ya daktari.

Hapo ndipo sheria yetu ya kimataifa inapokutana na duka la dawa la kona. Unajua zinavyouzwa: karatasi ya vidonge inakatwa kwa mkasi, jina linabaki upande wa pili, na wewe unapewa kifuko cha kaki kilichoandikwa 2 x 3. Nilipofundisha kwenye kambi moja niliwaomba wanariadha walete kila walichonacho kwenye begi. Binti mmoja, mwembamba, mpole, alikuwa na viatu vya mazoezi vilivyoshonwa kisigino. Alimwaga vifuko saba mezani. Tulikaa naye hadi jioni, mimi, daktari wa kambi na tochi ya simu, tukigeuza kila kidonge kutafuta herufi. Vitano tuliweza kuvitaja. Viwili hatukuvijua, na alisema hivyo ndivyo anavyovimeza usiku wa kuamkia mashindano, kwa ajili ya goti.