Bei ya Kumbishia Afande

Mfyuu! Elfu thelathini hiyo mnaiita faini? Faini ni ile unayotozwa kosa lako likishathibitishwa. Hii yetu ya barabarani ni bei ya kunyamaza. Unalipa usibishe, uwahi safari, bosi apate hesabu yake. Na msiniambie nina uchungu wa kuandikiwa, mimi sina hata baiskeli.

Dereva wetu wa Kosta leo hapa kijiweni kalalamika mpaka drafti limesimama. Kapigwa tochi ya kupima mwendo akitoka Mlandizi. Dereva hakumwona aliyeshika tochi, kajibanza huko nyuma ya mti. Aliyemsimamisha yuko mbele kabisa, sare nyeupe pee, simu mkononi: "Dereva, umekuja na 64." Anafunguliwa picha ya WhatsApp. Matako ya gari yanaonekana, namba inaonekana, 64 inaonekana. Kibao cha 50 hakionekani. Jamani, si kibao ndicho kinachoifanya 64 iwe kosa? Dereva anasema alishayapita makazi ya watu, afande anasema bado. Hapo nani mkweli? Aliyemsimamisha hakuona kitu, aliyeona hayupo, na picha haisemi.

Sasa sikilizeni. Sheria ya Usalama Barabarani, ile ya mwaka 1973, haikulazimishi kulipa palepale. Karatasi ya afande ni ya anayekiri. Ukikiri unalipa, yameisha. Ukikana, mambo yanakwenda mahakamani, na huko si kazi yako kuthibitisha kwamba hukukimbia. Jamhuri ndiyo ithibitishe kwamba ulikimbia. Aje aliyeshika tochi, aseme alisimama wapi, kibao kiko wapi, na tochi yenyewe ilikaguliwa lini.

Hapo kwenye kukaguliwa ndipo ninapofyonya zaidi. Muuza nyama wa mtaa wa pili, mizani yake ina stika ya Wakala wa Vipimo. Pampu ya mafuta nayo inakaguliwa. Hebu muulize afande stika ya tochi uone. Na yeye atakuuliza mtungi wa kuzimia moto uko wapi, na traiango je, na hiyo taa ya breki mbona inafifia? Swali moja limekuzalia makosa matatu.

Haya, umejitia ngangari, umekataa kulipa. Kesi inasikilizwa hukohuko ulikokamatiwa. Nauli ya kwenda na kurudi ni yako, chakula chako, na bosi hesabu ya siku hiyo anaitaka vilevile. Unafika, shahidi kapangwa kwenye msafara wa kiongozi. Imeahirishwa. Unarudi tena, hakimu yuko semina. Mpaka uje uiokoe elfu thelathini, laki na ushee imeshakatika. Ndiyo maana watu wanalipa, halafu tunaambiwa, mnaona, madereva wenyewe wamekiri! Mfyuu! Na wengine wanafupisha zaidi, wanatoa ya kubrashi viatu. Karatasi hakuna, hakimu hakuna, na serikali nayo haijapata hata senti.

Na bei yenyewe je? Mwenye 64 elfu thelathini, mwenye 110 katikati ya watu elfu thelathini. Wenzetu Kenya wameweka ngazi. Ukizidisha kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500 zao, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000, ukipita hapo nenda kaongee na hakimu. Sisi tukitaka tunaweza. Si bajeti ya 2021 ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000? Kumbe bei siyo msahafu.

Halafu deni linakaa kwenye namba ya gari. Deiwaka kakimbiza, mwenye gari ndiye anayedaiwa. Mwingine kanunua gari la mkononi, kanunua na mbio za mwenzake.

Fundi viatu alikuwa kimya, akanyanyua uso: "Mnaongea hivyo kwa sababu hamjazika mtoto aliyegongwa kwenye zebra." Kijiwe chote kikatulia. Kasema kweli. Gari likitoka 50 kwenda 70, nguvu yake ya kugonga inakaribia mara mbili, na abiria waliokuwa wanamwambia dereva atie moto ndio wa kwanza kulia msibani. Anayekimbiza kwenye watu alipe, tena alipe mpaka akome.

Lakini fundi, mtoto halindwi na faini ya kubahatisha. Dereva aliyeonewa leo hajifunzi kupunguza mwendo, anajifunza kuwashiana taa na wenzake. Nyinyi mnaosema afande asijifiche, mimi simo. Akionekana watapunguza pale tu, wakimpita wanakanyaga. Ajifiche hata juu ya mwembe, mimi nadai ushahidi. Picha ionyeshe mahali na kibao. Karatasi iseme tochi ilikaguliwa lini. Na anayekataa asikilizwe karibu, kwa gharama isiyozidi hiyo faini.

Msiniambie haiwezekani. Tangu 2019 Mahakama ina mahakama inayotembea, gari zima lenye hakimu ndani, ilianza na Dar es Salaam na Mwanza. Basi gari hilo liende na Chalinze hata Jumamosi mojamoja, lipaki pembeni. Anayebisha apande, aliyeshika tochi apande, waonyeshane. Dereva akishindwa alipe, na mimi nitamzomea. Tochi ikishindwa, faini ifutwe hapohapo, abiria wakisikia. Zikifutwa tatu tu za namna hiyo, mtaona wapiga tochi wote wanavyoanza kupiga picha pamoja na kibao.