Fremu, Duara na Dirisha Dogo

Uchoraji wa papo hapo, yaani ule unaofanywa mtaani mbele ya jengo lenyewe na si nyumbani kwa kutazama picha, hauhitaji vifaa vingi, kwa kuwa penseli, daftari lisilo na mistari na kigoda vinatosha. Kinachohitajika kwa wingi, na ambacho hakiuzwi dukani, ni maelezo ya kuwapa watu. Tangu mwaka 2007, mwandishi wa habari Gabriel Campanario alipoanzisha huko Seattle, Marekani, jumuiya ya wachoraji wa namna hiyo, zoezi hili limeenea katika miji mingi duniani, lakini mafunzo yake, yanayoeleza kwa kirefu namna ya kupata kivuli na mlalo wa paa, hayasemi mchoraji ajibu nini anapoulizwa fidia italipwa lini.

Swali hilo, Shinyanga na Geita, lina mantiki kamili. Ukanda huu umepitiwa na migodi, na mradi wa reli ya kisasa wa kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka, na njia ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, na kila mradi huja na mthamini, ambaye ni mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali inayopisha ujenzi. Mthamini hubeba daftari, husimama mbele ya nyumba, huhesabu milango na madirisha, wala hachekicheki. Kwa maneno mengine, hatofautiani hata kidogo na mchoraji. Kule Nyamongo, mkoani Mara, limezaliwa hata neno "tegesha", lenye maana ya nyumba inayoinuliwa harakaharaka ili mthamini aikute imesimama. Haishangazi basi kwamba mchoraji mmoja wa Shinyanga, aliyejiwekea ada ya kuchora dirisha moja kila asubuhi kabla ya chai, alijikuta siku moja akizungukwa na majirani waliolalamika kuwa nyumba zao zimerukwa, huku mama mmoja akitoa nje dirisha la mbao ambalo fundi alikuwa hajalipachika, akaliegemeza ukutani ili nalo lihesabiwe.

Madirisha yenyewe yanastahili kutazamwa. Nyumba ya msonge, ile ya mviringo yenye paa la nyasi, iliyokuwa makazi ya kawaida ya Wasukuma, iliridhika na mlango tu, na neno "dirisha" asili yake ni Kiajemi; kwa hiyo dirisha la mjini Shinyanga ni mgeni aliyekuja na wageni wengine, yaani reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, biashara ya pamba, na almasi iliyogunduliwa Mwadui mwaka 1940. Katika maduka ya zamani yenye baraza bado yapo madirisha ya mbao ya kufungua pande mbili, yenye vyuma vyembamba vilivyosimama wima na rangi iliyopakwa juu ya rangi mpaka kitasa kimemezwa. Baada yake zikaja nondo za kuchomelea zenye maua na mioyo, kisha alumini yenye kioo cheusi, ambayo kwa maoni ya insha hii haistahili hata kuchongewa penseli.

Taabu kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika msamiati. Mchoraji akisema anatafuta fremu nzuri, anamaanisha mbao zinazolizunguka dirisha, lakini kwa Mtanzania wa kawaida fremu ni chumba cha biashara cha kupangisha, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza dalali huwa amekwisha kufika, amemwonyesha vyumba vitatu asivyoviomba, na anadai ya usumbufu. Akisema amemaliza dirisha dogo, vijana wa stendi, ambao kwao dirisha dogo ni kipindi cha usajili wa wachezaji katikati ya msimu, humtaka aseme Simba imemchukua nani.

Geita maneno hupanda bei. Huko duara si umbo bali ni shimo la mchimbaji mdogo, na mchoraji yuleyule, aliyekwenda kutafuta tundu la hewa la mviringo juu ya mlango wa nyumba kuukuu, alipotamka kwamba amepata duara safi, alivutwa pembeni na kuulizwa kwa sauti ya chini kiroba kimoja kinatoa gramu ngapi. Kesho yake aliketi mbele ya ofisi ya mnunuzi wa dhahabu, iliyokuwa na nondo nene zinazopendeza kuchorwa, akasahau kwamba "kuchora ramani", katika lugha ya mtaani, ni kupeleleza mahali pa kuiba, na kwamba ukanda huu ndio uliozaa sungusungu, ulinzi wa jadi wa wananchi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alipohojiwa alijitetea kuwa alikuwa akihesabu nondo tu. Utetezi huo ulimchelewesha saa tatu.

Aliporejea Shinyanga alimweleza mzee mmoja, mwenye nyumba ya madirisha matatu, kwamba mchoro hauna fidia, hauna mradi, na ni zawadi. Mzee aliutazama kwa muda mrefu, akasema, "Sawa, mwanangu, lakini ongeza la nne, kwa sababu nilikuwa na nia nalo." La nne likaongezwa. Mzee akaugeuza mchoro nyuma na mbele, akauliza muhuri uko wapi, na alipoambiwa michoro haigongwi muhuri, aliuchukua mwenyewe hadi ofisi ya mtaa, ambako ulipigwa wa bluu, mzito, katikati kabisa ya dirisha la pili, lile lililochukua asubuhi nzima. Sasa umetundikwa sebuleni, na fundi ameitwa kuja kutoboa ukuta ili nyumba ilingane na karatasi.