Leseni Haina Ami

Kuna vitu vingi unaweza kuazima ukitaka kuonekana muuza nyumba hapa Houston: gari la shemeji, koti la shoga yako, hata tabasamu la watangazaji wa televisheni. Leseni huazimi. Unaisomea saa 180, unaifanyia mtihani, unachukuliwa alama za vidole, halafu ukishadhani umemalizana na serikali, inakuita tena kila baada ya miaka 2 kuhakikisha kwamba bado hujageuka tapeli.

Kwa mtu aliyekulia Tanga, jambo hili lina ugeni wake. Dalali wa mtaani kwetu leseni yake ilikuwa mdomo. Alikujua wewe, akamjua mama mwenye nyumba, akaijua na sababu iliyomfanya mpangaji aliyetangulia ahame usiku. Ukikipenda chumba unamlipa kodi ya mwezi mmoja, na kila aliyewaelekeza njiani naye anasubiri chochote. Tume inayosimamia biashara ya nyumba Texas, iliyoundwa mwaka 1949, haiutambui mdomo. Ingekuwa hiari yake, ungeuacha nyumbani kabisa.

Kuhuisha leseni kwenyewe hakuna siri. Ni saa 18 za masomo kila baada ya miaka 2: saa 4 za sheria sehemu ya kwanza, 4 za sehemu ya pili, 3 za mikataba, na 7 zilizobaki unajichagulia. Unalipa ada, unasubiri. Ukichelewa ndani ya siku 90, ada inakuwa mara moja na nusu. Ukipita hapo inakuwa mara mbili. Ikipita miezi 6, leseni imekwenda na maji, unaomba upya. Na muda wote huo imekufa, huruhusiwi kumwonyesha mteja hata mlango wa banda la kuku. Chuo nacho kina hadi siku 10 za kupeleka taarifa kwamba umemaliza, kwa hiyo anayengoja siku ya mwisho anajitafutia presha. Faraja ni moja tu: saa ya masomo huhesabiwa dakika 50.

Dakika hizo 50 utazitolea jasho. Siku hizi tunasoma kwa kompyuta, na watengenezaji wa programu wanawajua wanafunzi wao. Video inakwenda, mwalimu anazungumza kwa sauti ya kumlaza mtoto, mara kinajitokeza kisanduku: je, bado upo? Usipokibonyeza upesi, somo linarudi nyuma. Mimi kisanduku kilinipata jikoni, nimezama kwenye unga wa chapati hadi kwenye vifundo vya mikono. Nikabonyeza kwa kiwiko. Kompyuta ikala unga, ikakubali kwamba nipo. Mume wangu alikuwa anapita kuchukua maji, akalisoma lile swali begani kwangu. "Bado upo?" akasema. "Hata mimi nimekuwa nikijiuliza."

Katika masomo haya yupo dalali wa mfano ambaye hajawahi kufanya jambo la halali maishani mwake. Sura ya kwanza amekula amana ya mteja. Sura ya pili amefunika ufa wa ukuta kwa kabati. Sura ya tatu anamgawia kamisheni kinyozi wake. Unaulizwa: alikosea wapi? Unajibu, unapata alama, unafungua sura inayofuata, na unamkuta yuko kazini tena, suti mpya, hajafungwa wala hajafukuzwa. Nimemwonea wivu.

Ila mtihani wa serikali unakuja kwa miadi. Kuishi na leseni bila kuitia doa ni mtihani mwingine, na huo ninapewa na Waswahili wenzangu kila Jumamosi.

Chukua mama mmoja wa Mombasa niliyekuwa nikimzungusha upande wa Katy. Tumeingia mtaa mzuri, nyumba ya tofali jekundu, barabara nyembamba na vivuli pande zote. Akaketi vizuri kwenye kiti.

"Mwanangu, mtaa huu wakaa watu gani?"

Hapo ndipo leseni inapoanza kutetemeka kwenye pochi. Sheria ya usawa katika makazi, iliyopitishwa na bunge la Marekani mwaka 1968 na kuongezewa baadaye, inakataza ubaguzi kwa mambo 7: kabila na asili ya mtu, rangi, dini, jinsia, nchi alikotoka, hali ya familia na ulemavu. Dalali akimvuta mteja kwenye mtaa au akimtoa kwa sababu ya mojawapo ya hayo, ana kesi, hata kama mteja mwenyewe ndiye anayeomba kuvutwa.

"Mtaa una miti mizuri, mama."

"Miti naiona. Nauliza watu. Waswahili wako?"

"Hilo siruhusiwi kulisema, mama."

"Kwani ni siri ya jeshi?"

Nikamwelekeza kwenye ramani ya simu yake, atafute mwenyewe anachokitafuta. Hakuigusa. Alishusha kioo cha gari, akavuta pumzi. Harufu ya pilau ilikuwa inatoka nyumba ya pili, bizari nyembamba na kila kitu chake, na mbele yake mwanamke aliyejitanda leso alikuwa anamwagilia maua. Mama akatoa kichwa nje. "Hodi jirani!" Mwanamke akageuka na mpira wa maji, nusura aturoweshe. "Karibu!"

Mama akapandisha kioo. "Basi usiseme," akaniambia. "Nishajibiwa."

Kinachonishangaza ni kwamba yale ninayoruhusiwa kuyasema, tena ninayolazimika kuyasema, hayaulizwi. Houston mtu anatakiwa aanze kwa kuuliza maji. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kiliingia vyumbani mwa watu ambao hawakuwahi kuona dimbwi uani, na fomu anayojaza muuzaji ina maswali marefu juu ya mafuriko. Baada ya maji aulize msingi, maana udongo wa mfinyanzi wa huku huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na nyumba iliyo juu yake haina budi kucheza ngoma hiyo. Tulipoingia ndani ya ile nyumba nilimweleza mama yote, nikainama kumwonyesha ufa mdogo karibu na dirisha. Yeye alikuwa anahesabu kabati za jikoni. Alipomaliza akanigeukia kwa sauti ya chini.

"Kuna mtu aliyefia humu?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa: sheria ya Texas haimlazimishi muuzaji wala dalali kutangaza kifo cha maradhi, cha mtu kujiua, au cha ajali isiyotokana na ubovu wa nyumba. Mama aliniangalia kwa huruma. "Mtu akijibu kwa sheria, ujue maiti ilitoka." Akavua viatu, akasoma Ayatul Kursi kuanzia jikoni hadi gereji, chumba kwa chumba, makabati yakiwa wazi. Siku ya ukaguzi wa nyumba mkaguzi alikuja na ngazi na tochi. Akatoa ripoti ndefu ya msingi, paa na nyaya. Mama akaipokea kwa adabu ya mtu ambaye ameshamaliza ukaguzi wake.

Mitihani mingine inakuja kwa mapenzi. Shoga yangu mmoja alikwenda Dar es Salaam kwa likizo, akarudi na zawadi ya kuninyanyua kibiashara: marobota ya kanga. Zilikuwa nzuri, nyekundu na nyeusi, na pale penye jina la kanga palikuwa na maandishi haya: MWENYE WIVU AENDELEE KUPANGA. Chini yake jina langu na namba ya simu, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuniambia kitu. Aliwagawia wanawake wote ukumbini kwenye harusi, nami nikaingia nikakuta matangazo yangu yanacheza chakacha.

Tatizo ni kwamba Texas wakala kama mimi hajitangazi peke yake. Leseni yangu iko chini ya broka, dalali mkuu ambaye makosa yangu humrudia yeye, na kila tangazo langu lazima liwe na jina lake kwa ukubwa usiopungua nusu ya herufi kubwa kabisa za mawasiliano yangu. Picha za harusi zilimfikia kabla pilau halijapoa. Kwa broka wangu, chochote chenye namba yangu ya simu kinachotembea hadharani ni tangazo. Akaniita ofisini. Kwanza akataka tafsiri, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa, akachukua rula, akailaza kanga mezani.

"Jina langu liko wapi?"

Ilibidi shoga yangu azikusanye nyumba kwa nyumba, na fundi cherehani akaongeza utepe wenye jina la broka pembezoni. Utepe ulitoka mkubwa kuliko namba ya simu. Akina mama wakadhani ni jina la kiwanda. Sasa wanaulizana ni wapi wanaweza kupata kanga nyingine za kampuni hiyo, na broka wangu anapigiwa simu na watu wanaotaka doti mbili mbili.

Lakini hakuna aliyeipima leseni yangu kama Ami. Si ndugu yangu wa damu. Ni mzee wa Pangani, karani mstaafu wa bandari, na ukikutana na mtu wa Pangani huku Houston anakuwa baba yako mdogo bila kujadiliana. Mwezi wa Ramadhani, kwenye futari, Ami alimwambia kijana mmoja kwamba yule binti pale anauza nyumba. Kijana akanitafuta, tukatafuta, akanunua. Baada ya kukabidhiwa funguo, Ami akanipigia.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mambo yamekamilika."

"Alhamdulillahi."

"Basi usinisahau mzee wako."

Nikamweleza. Asiye na leseni halipwi kamisheni kwa kuleta mteja, hata awe ami wa nani. Kinachoruhusiwa ni zawadi ya bidhaa isiyozidi dola 50 kwa bei ya dukani. Fedha taslimu hapana, wala kitu cha kubadilishwa kuwa fedha. Ami akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo serikali ya Marekani," akasema, "imekaa kikao ikaamua mimi nipewe nini?"

Nilikwenda dukani na simu mkononi, nikijumlisha. Mfuko wa mchele wa basmati, pakiti mbili za tende, majani ya chai. Kopo la samli likanipandisha hadi dola 53. Nikarudisha samli, nikachukua dogo. Mwenye duka, ambaye ananijua, akaniuliza kama kazi imekuwa mbaya. Nikambebea Ami mzigo wake hadi mlangoni, na juu ya mchele nikaweka risiti.

Ami akaiinua kwa vidole viwili. "Unanidai?"

"Huo ushahidi, Ami."

Aliniangalia mimi, akaangalia mchele, akaangalia tena risiti akitafuta kamisheni. Halafu akatamka neno ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa umri wake: atasoma. Mjukuu wake alimfungulia kompyuta, na Ami akaingia darasani na daftari la bandarini lenye mistari myekundu. Saa 180 alizimaliza. Kile kisanduku cha "bado upo?" alikuwa anakiitikia kwa sauti, "Nipo, labeka," ndipo anabonyeza. Mtihani akafaulu, akapata broka upande wa pili wa jiji, na kwenye kadi yake jina la broka lilikuwa kubwa kuliko linavyotakiwa, kwa usalama.

Haukupita muda akaleta mteja mwingine, rafiki wa yule kijana. Yeye mwenyewe alikuwa anasafiri kwenda Umra, kwa hiyo akanikabidhi kazi, tena kwa maandishi. Niliikamilisha. Akanipigia hata kabla hajashusha mabegi.

"Haya mwanangu. Leseni ninayo. Nipe changu."

"Ami, wakala halipwi na wakala mwenzake. Fedha zinatoka kwa broka wangu, zinakwenda kwa broka wako, yeye anakata fungu lake, kinachobaki ndiyo anakupa."

"Anakata?"

"Mlikubaliana kwenye mkataba, Ami."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Mkataba ulikuwa karibu. Nikaona bora nimalize yote kwa mpigo mmoja, nikamkumbusha kwamba anayehuisha kwa mara ya kwanza hafanyi saa 18 kama sisi wakongwe. Yeye anadaiwa saa 98.

"Tisini na nane?"

"Ndiyo, Ami. Lakini saa yenyewe ni dakika 50."

Akashusha pumzi ndefu, akakohoa, akarudi kwenye sauti yake ya ukarani.

"Mwanangu, ule utaratibu wa mchele bado upo?"