Mbuzi Aliyezalia Ofisini

Mama yangu anakaa Kibondo, kwenye kitongoji ambako mbuzi ana heshima kumzidi mgeni. Mke wangu alipojifungua, Mama hakutuma khanga. Alipakia mbuzi jike kwenye buti la basi la Kasulu, miguu imefungwa, kichwa nje ya kiroba, kisha akanipigia: "Huyo ana mimba, mwanangu. Mpokee vizuri." Simu iliyofuata ilikuwa ya konda: "Mwalimu, wahi stendi. Mzigo wako unalia, abiria wanaulizana nani kasahau mtoto."

Kwa Mama ukivuka uani unakuta shamba. Kwangu ukivuka uani unakuta mchicha wa jirani. Na Kasulu ni halmashauri ya mji, ina mitaa na sheria ndogo zake. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba mwaka 1992 zilitungwa kanuni za kilimo cha mijini zilizomruhusu mkazi ng'ombe wasiozidi wanne, wa kulishwa bandani. Nikapiga hesabu ya kimwalimu: wanne wenye pembe wakiruhusiwa, mmoja mwenye ndevu atakataliwaje? Neno "bandani" nikaliruka.

Wazee wa huku wakisikia habari hizi hucheka. Miaka ya 1970 Operesheni Kigoma iliwatoa kwenye migomba yao ikawakusanya vijijini, wao na mbuzi wao. Leo kuna vijiji vilivyokua vikawa mitaa. Mbuzi hajasogea hata hatua. Mji ndio uliomfuata, ukamkuta kalala barabarani, ukamwandikia kosa.

Siku ya nne mbuzi wangu alikata kamba. Niliporudi jioni, jirani alinisalimia kwa upole ulionitisha: "Habari za kazi, mwalimu? Mchicha wangu umekufikia?" Tuta zima lilikuwa limekwenda. Mbuzi naye hayupo. Mgambo walishamzoa pamoja na wenzake watatu.

Asubuhi nikaenda ofisi ya mtaa na pesa ya faini mfukoni. Nyuma ya ofisi, chini ya mwembe, nikamkuta analamba kitoto cheusi chenye paji jeupe, bado kibichi, magoti yanagongana. Karani akatazama daftari, akatazama mwembe, akahesabu upya. Daftarini wanne, uani watano.

"Mwalimu, wako ni wawili. Faini ni kwa kichwa."

"Huyu mdogo mmemkamatia wapi?"

"Amekutwa hapa."

"Kazurura lini?"

Karani akatia kalamu mdomoni. Akampigia bwana mifugo, akajibiwa kwamba yeye anahusika na chanjo, si kesi. Mwishowe mgambo mmoja, aliyekuwa bado amekunja mikono ya shati kwa kazi ya ukunga ya alfajiri, akaamua: "Huyo hana kosa. Kazaliwa chini ya ulinzi."

Nikalipa kichwa kimoja, gharama ya kulaza usiku mmoja, na soda ya mkunga. Siwalaumu. Sheria ya kuzuia mifugo kuzurura ni nzuri, na mchicha wa jirani ulikuwa mzuri pia, kwa ushahidi wa aliyeula.

Sasa mama na mwana wako kwenye banda la mabanzi. Majani nawakatia mwenyewe nikitoka shule, wanafunzi wakinipa shikamoo huku wameziba midomo. Samadi imejaa. Anayeitaka apite asubuhi na kiroba chake, ni bure. Ila asubiri kwanza jirani yangu achukue mkokoteni wake wa pili.