Sifa za King'ora cha Moshi

Mgeni anayehamia Uingereza hupokewa kwa barua. Kuna barua ya benki, barua ya halmashauri inayodai kodi yake, barua ya zahanati, na barua ya leseni ya televisheni hata kwa mtu asiye na televisheni. Sauti ya binadamu ndiyo adimu. Jirani mliyepakana naye ukuta anaweza kukutana nawe mlangoni mwaka mzima, akakupa tabasamu la midomo iliyofumbwa, akaingia zake ndani. Katika ukimya huo yupo mmoja tu anayempazia mgeni sauti siku ile ile anapowasha jiko kwa mara ya kwanza, tena kwa moyo wake wote. Ni king'ora cha moshi, kile kisahani cheupe cha plastiki kilichobandikwa darini, chenye kitaa chekundu kinachopepesa.

Nimekisikia kikitukanwa kwa Kiyoruba, Kiigbo, Kiedo na Pijini, na hakuna aliyewahi kusimama kukitetea. Nitakitetea mimi. Nimekaa na Wanaijeria katika nyumba ya kupanga huko Thamesmead, kusini-mashariki mwa London, jiko moja, friji moja iliyobandikwa majina kwenye kila rafu, na nimeona kwa macho yangu jinsi kidude cha pauni chache kinavyoweza kumlea mtu mzima mwenye ndevu.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba hakibagui. Mzee wetu wa nyumba, baba mmoja wa Ibadan tuliyemwita Oga, yaani bosi, kwa umri wake na kwa mwendo wake, alizungushwa kama pia kabla ya kupata chumba. Benki ilitaka anwani ndipo imfungulie akaunti. Wakala wa nyumba alitaka akaunti ndipo ampe anwani. Isitoshe, tangu Februari 2016 mwenye nyumba yeyote wa England analazimika kisheria kukagua kama mpangaji ana haki ya kuishi nchini, kwa hiyo hata dalali wa chumba chenye ukungu hujigeuza ofisa uhamiaji, akaipekua pasipoti ya kijani ukurasa kwa ukurasa. King'ora hakikutaka pasipoti. Chenyewe kiliingia nyumbani kwa nguvu ya sheria, ile iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015: kila ghorofa ya nyumba ya kupanga yenye chumba cha kukaliwa lazima iwe na king'ora walau kimoja, na mwenye nyumba anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 5,000. Ndiyo maana katika nyumba ambayo hita yake haikupasha, bomba la bafu lilivuja na zulia lilijaa siri za wapangaji wa zamani, king'ora kilikuwa kipya, kinang'aa. Ni kitu pekee tulichopewa bila kuomba.

Lakini ukitaka kukijua vizuri, njoo jikoni.

Mchuzi wa Kinaijeria hauanzi kwa kuchemsha. Unachukua nyanya, vitunguu, pilipili nyekundu kubwa wanazoziita tatashe, na rodo, ambayo sisi wa pwani tungesema ni pilipili mbuzi. Unavisaga pamoja, kisha unavimimina kwenye mafuta ambayo tayari yanatoa moshi. Hapo sasa unakaanga, tena kwa saburi, mpaka ukali wa nyanya ufe na mafuta yapande juu yenyewe. Anayeharakisha hatua hiyo atakula nyanya mbichi na kusemwa. Nyumbani Oga hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Alikuwa mtu wa kunawa mikono na kukaa mezani. Ughaibuni ndiko alikotambulishwa kwa mwiko. Alisimama mbele ya jiko amevaa koti la baridi, simu ameiegemeza kwenye kopo la kari, mkewe akimwelekeza kutoka Ibadan: "Bado, baba watoto. Bado. Ongeza moto."

Akaongeza moto, na king'ora kikalia.

Vifaa hivi hutengenezwa vilie kwa desibeli 85 kwa mtu aliye mita tatu mbali. Oga alikuwa chini yake kabisa. Mkewe akauliza kama ni polisi. Dada wa Kighana wa chumba cha mbele akatoka mbio na taulo, mwingine akafungua dirisha na kuikaribisha Januari ndani, nami, kwa urefu niliojaliwa, nikanyoosha mkono nikabonyeza kitufe bila kupanda kiti. Kilinyamaza kidogo, kikavuta pumzi, kikaendelea. Tukawa tunacheza hivyo, mpunga taulo, mfungua dirisha na mbonyeza kitufe, mpaka mchuzi ukaiva. Nimehudhuria ngoma zenye mpangilio duni kuliko ule.

Angalia basi matunda ya malezi hayo. Oga aliyekuwa akilala na kofia ya sufu alijifunza kufungua madirisha yote kwa hiari yake kabla hata ya kumenya kitunguu. Alijua feni ya kuvuta moshi ipo wapi, na pia kwamba haivuti. Alijua milango ya jikoni ya Waingereza imewekwa ili ifungwe, jambo ambalo hakuna ofisa aliyemweleza. Alisoma hadi maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa kifaa chenyewe, akagundua kwamba jikoni hakupaswi kuwekwa cha kunusa moshi bali cha kupima joto, akamwandikia mwenye nyumba. Hakujibiwa, lakini Kiingereza cha barua kilikuwa kizuri, na aliitumia tena kama kielelezo alipolalamikia ukungu.

Kilichonifurahisha zaidi ni habari ya wali wa jollof. Jollof ya sherehe, ile inayopikwa kwenye masufuria makubwa juu ya kuni nyuma ya ukumbi, ladha yake yote iko kwenye ukoko. Wali ukishika chini, ule moshi hupanda na kuingia kila punje. Ukiupikia kwenye jiko la umeme kwa uangalifu unapata wali mwekundu tu. Oga alilisumbukia sana jambo hilo, hadi siku alipogundua kwamba anaye fundi darini. Kama king'ora kimenyamaza, jollof haijafika. Kikipiga mlio wa kwanza, punguza moto, funika kwa karatasi ya foili, subiri kidogo. Tangu siku hiyo hakutazama saa tena. Dada wa Kighana, ambaye kwa kawaida haafikiani na Mnaijeria yeyote kuhusu wali huo, aliiga mbinu hiyo kimyakimya. Ubishi wao nao una mwisho wa kuchekesha: mwaka 2021 UNESCO iliingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu wali na samaki wa Senegal, wanaohesabiwa kuwa mama wa jollof zote, na wale wawili wakabaki wanatazamana. King'ora hakikujihusisha na siasa hizo. Kililia kwa haki juu ya vyungu vyote.

Kilituletea pia ujirani. Bibi wa mlango wa pili, ambaye hadi hapo tulimjua kwa mapazia yake, alitoka siku moja na ndala na vazi la kulalia akauliza kama kuna usalama. Oga alitahayari. Mzee hasimamishwi barazani akarudi mikono mitupu, si Ibadan wala Tanga, kwa hiyo alimpakulia. Siku mbili baadaye chombo kilirudi kikiwa na biskuti za tangawizi ndani, nami nikashangaa, kwa kuwa nilidhani ni pwani tu ndiko chombo hakirudishwi kitupu. Bibi alisema wali ulikuwa mtamu sana. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

Wasomi nao wakitazame kwa heshima. Katika aina moja ya ving'ora hivi kuna chembe ya ameriki-241, kitu kinachotengenezwa kwenye vinu vya nyuklia. Chembe hiyo huifanya hewa iliyo kati ya vibati viwili ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia, umeme unapungua, nacho kinapiga yowe. Hivyo mtu ametoka katika nchi yenye mafuta na gesi tele lakini isiyo na kinu hata kimoja cha umeme wa nyuklia, na jioni yake ya kwanza chembe hiyo ya nyuklia inamkaripia kwa sababu ya kitunguu. Nusu ya ameriki hiyo itakuwa bado ipo baada ya miaka 432. Betri yake ndiyo isiyo na subira.

Betri inapokaribia kwisha king'ora hakilii, kinaguna. Mlio mmoja mfupi, kimya cha karibu dakika nzima, mlio mwingine. Na huchagua usiku wa manane kwa sababu ya kisayansi kabisa: nyumba hupoa saa hizo, na baridi huishusha nguvu ya betri iliyochoka. Sisi wengine tulikuwa tayari kukivunja kwa ufagio. Oga peke yake alilala fofofo, na asubuhi akatueleza kwa nini. Tangu afike hakuwa amepata usingizi wa maana kwa sababu ya ukimya. Kwao usiku una jenereta, hasa ile ndogo ambayo watu wameipa jina la utani lenye maana ya kumpita jirani, na umeme ukirudi mtaa mzima hupiga kelele "Up NEPA!", ingawa shirika la umeme la jina hilo lilibadilishwa jina mwaka 2005 na kufikia 2013 lilikuwa limekatwa vipande na kuuzwa. Thamesmead umeme haurudi kwa sababu hauendi popote, isipokuwa mita ya kulipia kabla, ile ambayo Dar tungeiita luku, ikiishiwa. Hakuna wa kumshangilia. "Jana," Oga alisema, "angalau nilisikia kuna kitu kinahangaika."

Kijana mmoja wa nyumba alishauri tuitoe betri tusiirudishe. Oga, mtu wa mizaha kuanzia asubuhi, hakucheka. Kwao amezika watu waliolala jenereta ikiunguruma barazani, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, na hawakuamka. Akatukumbusha pia moto wa jengo la ghorofa la Grenfell, upande wa pili wa mji huu. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, mpangaji wa ghorofa ya nne, mhamiaji kutoka Ethiopia, aliamshwa na king'ora cha moshi kilichokuwa kikilia jikoni kwake. Friji ilikuwa inafuka. Akawapigia zimamoto, akagonga milango ya majirani. King'ora kilikuwa kimesema kweli, na mapema. Kilichodanganya ni ukuta wa nje, uliovikwa paneli zenye plastiki inayoshika moto, na ushauri wa kuwaambia watu wabaki ndani. Walikufa watu 72. Wapangaji walikuwa wamelalamika kuhusu usalama wa jengo hilo kwa miaka. Betri ikanunuliwa asubuhi ile ile, na pesa alitoa kijana.

Mwenye nyumba wetu, kwa upande wake, alikiheshimu king'ora kuliko alivyotuheshimu sisi. Picha za ukungu tulizomtumia zilipotelea hewani. Hita ilisubiri fundi mpaka majira ya baridi yakaisha yenyewe. Lakini siku wakala alipofika kukagua na kukuta king'ora kimevishwa kofia ya plastiki ya kuogea, barua ilikuja kesho yake, yenye mihuri, ikitaja mkataba, sheria na bima. Tuliisoma pamoja mezani. Ilikuwa barua ya kwanza kutuandikia kwa majina yetu yote, yakiwa yameandikwa sawasawa.

Wayoruba wana sanaa ya oriki, sifa anazoitwa mtu au ukoo wake hadi kichwa kimvimbe. Jioni ya barua hiyo Oga alisimama katikati ya jiko akakitungia king'ora oriki yake, ameinua uso kwenye dari: jicho lisilofumba, mlinzi asiyedai mshahara, unayeinusa pilipili kabla ya mwenye pilipili, ambaye mwenye nyumba anakuogopa. Kitaa kikapepesa, naye akaapa kwamba kimeitika.

Mwezi uliopita chumba cha juu kilipata mpangaji mpya, muuguzi kutoka Benin City, amefika na masanduku mawili na begi la samaki wakavu ambao harufu yao ilipanda ngazi kabla yake. Oga alimkalisha chini akampa mafunzo ya siku ya kwanza. Zahanati ajiandikishe wapi. Basi lipi linafika Woolwich. Nani huuza viazi vikuu vizuri Rye Lane kule Peckham na nani huuza vilivyooza katikati. Kisha akamwonyesha dari, akaeleza kwa utaratibu: dirisha kwanza, mlango wa pili, foili mkononi, mlio wa kwanza ni ishara, mlio wa pili ni taulo.

Dada yule alisikiliza vizuri, akakitazama king'ora, akatutazama sisi mmoja mmoja tulivyokaa, akauliza: "Mrefu ni nani humu ndani?"

Vidole vyote vikanielekea mimi. Akatoa pilipili zake kwenye begi akaanza kuziosha.