Kikaango Kimoja, Midomo Sita

Wanaosema chapati za maji ni chakula rahisi, ukiwachunguza utakuta wote ni walaji. Wanatoka vyumbani Jumapili saa tatu asubuhi, wananawa uso, wanakaa mezani na kuuliza, "Bado?" Mchango wao katika upishi unaishia hapo.

Kwa maneno, kazi ni ndogo kweli: unga wa ngano, maji au maziwa, mayai, sukari, chumvi kidogo na iliki ya kutwanga. Hakuna kukanda wala kusukuma. Unakoroga, unamimina, unageuza. Balaa linaanzia kwenye maji. Ukiyamwaga yote kwa mkupuo, unga unajifunga madonge, na donge la unga likishajifunga halina kusikia mwiko wala matusi. Anayejua hutia maji kidogo kidogo, akakoroga mpaka rojo ikawa nzito na laini, ndipo akaongeza mengine. Kisha inatakiwa itulie kama robo saa, unga unywe maji. Nani nyumbani kwangu atakuachia robo saa?

Badala yake wanakuja wakaguzi. Mama watoto anachungulia bakuli: "Mbona nzito?" Anaondoka. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, naye anachungulia: "Mbona nyepesi?" Kati ya mmoja na mwingine hakuna aliyeigusa. Halafu mama mkwe anasema, kwa ule upole wa pwani unaokata kuliko kisu, "Hongera baba. Sisi vibibi vyetu tulikuwa tunaloweka mchele tangu usiku, tunausaga na tui la nazi, tunatia hamira, tunangoja uumuke. Lakini na hizi pia zinaliwa." Mkwe hajibiwi. Nikakoroga.

Chapati ya kwanza haikosi kuharibika. Kikaango hakijashika moto sawasawa, mafuta yamekimbilia upande mmoja, basi inang'ang'ania katikati na kuchanika pembeni. Mpishi yeyote anajua kuwa hiyo ni ya kupimia kikaango. Mezani wanaipokea kwa kimya cha msibani, kisha wanaila.

Na hapo ndipo inapokuja hesabu ambayo hakuna anayetaka kuifanya. Kikaango ni kimoja. Umimine, ungoje juu ikauke na kutoa vitundu, ugeuze, upake mafuta: chapati moja inakula dakika mbili, tatu. Mtoto wa darasa la tano mwenye chai mkononi anaimaliza kwa nusu dakika. Walaji wapo sita. Waziri wa fedha mwenyewe angeiangalia bajeti hiyo akajiuzulu. Nimepewa hotpoti nizipange humo zisipoe, na hotpoti hiyo haijawahi kuona chapati mbili kwa pamoja.

Ukiongeza moto ili uwahi, nje inaungua na ndani inabaki mbichi. Ukiupunguza, inakauka mpaka inakuwa ya kutafuna kwa magego. Mtungi wa gesi nao una mtindo wa kuisha rojo ikiwa nusu bakuli. Sijawahi kuuona ukiishia kwenye maji ya kuoga ya shemeji.

Maagizo yanaendelea kumiminika. Mkubwa hataki sukari, anataka ya kitunguu na pilipili. Wa pili anakula kingo zilizokauka tu, katikati anamwachia nani sijui. Kitinda mimba anataka yenye umbo la simba. Shemeji, aliyekuja kutusalimia tangu Pasaka, anasema, "Mimi shemeji sichagui." Ni kweli hachagui, anachukua yoyote inayotua.

Wakishashiba ndipo zinapokuja sifa. "Baba leo umejitahidi." "Ila iliki ingeongezwa kidogo." Mpishi anabaki na rojo ya mwisho, ile ambayo madonge yote yamejikusanya chini, na chai iliyoota ngozi juu.

Basi nikaitisha kikao, nikaeleza kwa takwimu kwamba mtu mmoja hawezi kulisha sita kwa kikaango kimoja. Walinielewa upesi, sijawahi kueleweka hivyo katika nyumba hii. Shemeji ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Imepitishwa kwa kauli moja kwamba tununue kikaango cha pili, nikisimamie mwenyewe sambamba na cha kwanza, na kwa kuwa sasa uwezo umeongezeka, Jumapili ijayo majirani waalikwe.