Tatu Iliyofanana na Nane

Enzi za skrini za tyubu, mhasibu mmoja alinunua kadi mpya ya michoro ili mwanawe acheze mbio za magari. Magari yakakata kona bila kukwama. Jioni baba akafungua hesabu zake akakuta 3 na 8 hazitofautiani. Akapangusa kioo cha skrini, akapangusa miwani, mwisho akaenda kupimwa macho. Macho mazima! Fundi akamwambia, "Bosi, hiyo ni kebo tu," akamuuzia nyingine. Ukungu haukutikisika.

Mchawi alikuwa ndani ya kadi. Njia ya VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987, haipeleki namba kwenye skrini; hupeleka volti za nyekundu, kijani na buluu. Sehemu iitwayo RAMDAC ndiyo inayogeuza namba kuwa volti, na kwa picha ya nukta 1600 kwa 1200 inayochorwa mara 85 kwa sekunde, hutema nukta kwa kasi ya karibu milioni 230 kwa sekunde. Kisha mawimbi hupita kwenye vikoili na vikapasita vilivyojibanza karibu na soketi, vilivyowekwa ili kompyuta isiharibu matangazo ya redio ya jirani. Vikichaguliwa ovyo, huzuia redio na kumega ncha za herufi pia.

Ndiyo maana kadi mbili zenye chipu ileile ya GeForce2 ziliweza kulingana kwa kasi huku moja ikionyesha maandishi yenye ukungu. NVIDIA iliuza chipu hiyo tu. Bodi zilitengenezwa na kampuni nyingine, kila moja na bajeti yake ya vikapasita. Matrox ya Kanada ilitengeneza bodi zake yenyewe, na G400 yake ya mwaka 1999 ilisifiwa kwa herufi kali, ingawa kwenye michezo GeForce iliiacha.

Mhasibu alishusha picha hadi 1024 kwa 768, ambako mawimbi hayana haraka sana. Namba zikasomeka, ila safu ya jumla ikatoka nje ya skrini.

Kulinganisha kadi kulikuwa kichekesho chenyewe. Mtu aliyekerwa alipiga picha ya skrini kwa kompyuta yake, akamtumia rafiki kama ushahidi. Lakini picha hiyo huchukuliwa kwenye kumbukumbu, kabla ya RAMDAC kugusa chochote, kwa hiyo hufika safi kabisa. Rafiki mwenye kadi nzuri alijibu kwamba haoni kasoro. Mwenye kadi mbovu zaidi aliona ukungu wake mwenyewe na kumpa pole.

Wenye roho ngumu waliwasha chuma cha kulehemu, wakang'oa vikapasita. Kwa baadhi yao herufi zilinyooka kweli. Wengine waliua kadi, wakairudisha dukani na dhamana mkononi, na muuzaji akataka kujua vile vidude kando ya soketi vimekwenda wapi.